Barua Isiyo na Bahasha



Wiki tatu zilizopita tulipokea barua pepe fupi kutoka kwa mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Jina lake na mtaa wake ni amana kwetu. Mama huyu alikuwa ametuandikia hapo kabla juu ya mambo mazito ya nyumba yake: mume aliye kazini Ghuba, mtoto wa kiume aliyechukuliwa kuhojiwa na polisi kisha akaachiwa bila ya shtaka, na wakili aliyetaka apelekewe nakala za vyeti vyote vya familia. Tulimjibu kwa kadiri ya elimu yetu. Safari hii hakuuliza juu ya mume wala mtoto. Aliuliza jambo moja tu: yale niliyowaandikia, mmeyasoma nyinyi peke yenu?

Tulitaka kumjibu hapo hapo kwamba naam, ni sisi peke yetu. Mikono ikasita. Sanduku letu la barua pepe ni la bure, la kampuni ya kigeni, na seva zake ziko mbali na upeo wa macho yetu. Hapa ofisini lilikuwa likifunguliwa kwa kompyuta moja inayotumiwa na watu wanne, na neno lake la siri, tuseme ukweli, lilikuwa limeandikwa katika kikaratasi kilichobandikwa ukutani. Ndani yake zimo barua za miaka mingi, za wanawake wanaoeleza talaka, maradhi, mirathi iliyoliwa, mabinti waliotoka nyumbani wasirudi. Tulikuwa tukiziita amana huku tumezianika barazani.

Kwa hivyo wiki hii tumeweka kando maudhui tuliyoahidi, na tunaomba radhi kwa waliokuwa wakiyangojea. Tutazungumza juu ya barua pepe, na juu ya namna ya kuivisha nguo.

Wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanazikumbuka kadi za posta zilizokuwa na picha ya Ngome ya Yesu upande mmoja na maneno upande wa pili. Hakuna aliyeandika katika kadi ile habari za ugomvi wa nyumba, kwa kuwa karani wa posta, tarishi, na hata mtoto aliyetumwa kuichukua wangeisoma wakipenda. Jambo la siri lilitiwa ndani ya bahasha, na aliyetaka kulisoma ilimlazimu airarue, na bahasha iliyoraruliwa hujisema yenyewe. Barua pepe imepewa jina la barua, lakini kwa tabia ni kadi. Ni kweli kwamba siku hizi njia inayopita kati ya seva na seva mara nyingi imefunikwa, mfano wa gari la posta lililofungwa milango. Lakini ikishafika, barua hulala wazi ndani ya seva. Kampuni yenye seva yaweza kuisoma. Serikali ya nchi ilipo kampuni hiyo yaweza kuidai kwa amri ya kisheria. Aliyeiba neno la siri naye aweza, na wote hao hawaachi mraruko wowote wa kuonekana.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya wataalamu wa kompyuta, na kwamba safu ya familia haina haja nayo. Sisi twaona kinyume chake. Neno sitara limo katika ndimi zetu tangu utotoni. Twalitumia kwa nguo, kwa pazia la mlangoni, kwa ukuta wa ua, na kwa aibu ya ndugu tunayoifunika. Sura ya An-Nuur, katika aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka wabishe na kutoa salamu kwa wenyewe. Sura ya Al-Hujuraat, katika aya ya 12, inakataza kupelelezana, na katazo hilo limewekwa pamoja na dhana mbaya na kusengenya katika aya moja. Mpangilio huo wastahili kutazamwa vyema, kwa sababu mtu huanza kwa kudhani, dhana ikampeleka kuchungulia, na alichokichungulia akakitoa nje kukisema.

Na mwenye mamlaka je? Kuna kisa kilichopokewa katika vitabu vya maadili, na Imamu Ghazali amekitaja katika Ihyaa, juu ya Sayyidna Umar ibn al-Khattab. Usiku mmoja, akizunguka Madina kulinda raia wake, alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Alipomkaripia, mtu yule alimjibu kwamba yeye amemwasi Mola wake katika jambo moja, na Khalifa amemwasi katika matatu: amepeleleza na kupeleleza kumekatazwa, ameingia kwa kupanda ukuta na nyumba huingiwa kwa milango yake, na ameingia bila ya idhini wala salamu. Umar, pamoja na ukali wake mashuhuri, alimwacha akatoka. Tunakipenda kisa hiki kwa sababu mtu yule hakuwa mwema. Haki ya mlango wake haikutegemea usafi wa yaliyokuwamo ndani.

Kuta za leo hupandwa kwa njia nyingine. Mwezi wa Juni 2013, magazeti ya Guardian la Uingereza na Washington Post la Marekani yalianza kuchapisha nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden, kijana aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba katika Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA. Nyaraka hizo zilionyesha kwamba shirika hilo lilikuwa likikusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu wasioshukiwa lolote, na kwamba kwa mpango ulioitwa PRISM lilipata barua pepe na mazungumzo kutoka kwa makampuni makubwa ya intaneti. Wengi wetu tuliisikia habari ile kama habari ya Wamarekani. Kisha Mei 2014 gazeti la mtandaoni The Intercept likachapisha habari za mpango mwingine, MYSTIC, uliokusanya rekodi za simu za nchi nzima nzima. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Yaliyosemwa kuchukuliwa hapa kwetu hayakuwa maneno ya mazungumzo yenyewe, yalikuwa ni nani alimpigia nani, lini, na kwa muda gani. Tutarudi kwenye jambo hilo, kwani si dogo kama linavyosikika.

Serikali yetu wenyewe nayo ina milango yake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja kwa uwazi mambo ya familia na mawasiliano. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inataka polisi wapate amri ya Mahakama Kuu kabla ya kunasa mawasiliano ya mtu. Desemba 2014 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama, na ndani yake mlikuwa na kifungu kinachoviruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano kwa ajili ya kugundua na kuzuia ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane vya marekebisho yale. Hicho cha kunasa mawasiliano kilibaki.

Hatuandiki haya kwa wepesi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao vijana wa umri wa watoto wetu. Mzee mmoja wa mtaa, alipojua tunaandika makala haya, alituambia waziwazi kwamba tunawafundisha wahalifu kujificha. Yeye anamjua baba ambaye mwanawe alivutwa kidogo kidogo kupitia simu mpaka akavuka mpaka, na kama yuko mtu angezisoma zile jumbe mapema, kijana yule angekuwa hai. Hatukuwa na jibu la kumtuliza, na hatutaki kujidai kwamba tunalo. Kufuli humfaa mwenye nyumba na humfaa mwizi aliyeficha mali ya wizi. Tunalojua ni kwamba mhalifu hahitaji makala yetu, kwani zana hizi ziko wazi duniani tangu zamani, na ambaye bado hana bahasha ni mama wa nyumba anayempelekea wakili cheti cha kuzaliwa.

Na tunajua jambo la pili, nalo pia ni la Aprili ile ile. Siku chache baada ya msiba wa Garissa, mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, MUHURI na Haki Africa, yalitiwa katika orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Mashirika hayo ndiyo yaliyokuwa yakipokea malalamiko ya familia zetu. Novemba ya mwaka uo huo Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba hapakuwa na msingi wa kuyahusisha na ugaidi. Katika miezi hiyo saba, kila mama aliyewahi kuyaandikia kuhusu mwanawe alikuwa na haki ya kujiuliza barua yake iko mikononi mwa nani. Msemo wa kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa hatuuoni kuwa na nguvu baada ya hapo. Mtu asiye na kosa hufunga mlango wa choo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kuficha maneno si jambo geni kwetu. Mabibi zetu walipokuwa wasichana walisema kinyume, silabi ya mwisho ikatangulizwa mbele, chakula kikawa lachaku, wageni wakawa niwage, na mama mkwe akabaki akiwatazama midomo. Kinyume kina uzuri wake, lakini siri yake yote imo katika mtindo. Anayejua mtindo amejua kila kitu, na mtaa mzima ukiujua hauna faida tena. Hata mtu akibuni alama zake mwenyewe, herufi hii awekee nyota na ile awekee nukta, hatafika mbali. Jambo hilo lilivumbuliwa na Mwislamu. Katika karne ya tisa, huko Baghdad, mwanafalsafa Yaaqub ibn Is-haq al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri, na ndiyo ya kale zaidi inayojulikana katika elimu hiyo. Njia yake ni nyepesi na ya kushangaza. Kila lugha ina herufi zinazojirudia zaidi kuliko nyingine, kwa hivyo hesabu alama za waraka uliofichwa, na ile iliyozidi ndiyo herufi iliyozidi katika lugha. Kwa Kiswahili ni herufi a, na mtoto wa darasa la sita aliyeelezwa hivyo ataifumbua barua yetu ya nyota na nukta kabla ya magharibi. Hata neno ambalo Wazungu hulitumia kwa maandishi ya siri wamelitoa katika sifr ya Kiarabu, lile lile lililotupa sisi sifuri.

Tangu wakati huo siri ya kweli haikai katika mtindo. Hukaa katika ufunguo. Mtindo waweza kujulikana na dunia nzima na bado barua isisomeke kwa asiye na ufunguo. Shida ikabaki moja, nayo iliwasumbua watu kwa karne nyingi: ufunguo wenyewe utampelekeaje mwenzako aliye mbali? Ukiupeleka kwa barua, aliyeiba barua ameupata. Mume yuko Dammam, mke yuko Kuze, watakutana wapi kukabidhiana?

Jibu lilipatikana Marekani. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitangaza wazo la funguo mbili, na mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakalipa hesabu. Lifikirieni kasha la Lamu, lile la mninga na misumari ya shaba. Mama ana makufuli mengi yaliyo wazi, na ufunguo mmoja tu unaoyafungua yote. Makufuli anayagawa bila ya hofu, kwa mume, kwa wakili, kwa yeyote anayeyataka, hata kwa adui. Anayetaka kumpelekea siri huitia kashani, akaliziba kwa kufuli la mama, likashika. Tangu hapo hata yeye mwenyewe aliyelifunga hawezi kulifungua. Kasha lipite bandarini, lipite forodhani, lilale ghala la mtu asiyeaminika, litafunguliwa na mama peke yake, kwani ufunguo haukuwahi kutoka ushungini mwake.

Kufuli hilo huitwa ufunguo wa umma, na ule wa ushungini ni ufunguo binafsi. Yote mawili ni namba ndefu mno zinazotengenezwa na kompyuta. Nguvu yake imo katika hesabu ambazo ni rahisi kwenda na ngumu kurudi. Zidisha 89 kwa 97, utapata 8633 kwa dakika moja. Sasa mpe mtu 8633 peke yake, umwambie azitafute namba mbili zilizozidishwa, naye atataabika kidogo. Namba zikiwa na mamia ya tarakimu, kompyuta zote za leo zikishirikiana hazitamaliza kazi hiyo kwa njia zinazojulikana.

Elimu hiyo ingebaki kwa wanajeshi na mabenki lau si Phil Zimmermann, mtu aliyekuwa akipigania kuondolewa kwa silaha za nyuklia. Mwaka 1991, Baraza la Seneti la Marekani lilipoletewa mswada uliotaka vyombo vya mawasiliano viiwezeshe serikali kusoma maneno ya watu, yeye aliandika programu ya kusimba barua pepe, akaiita PGP, akaitoa bure. Ikaenea hadi nje ya nchi. Serikali ya Marekani wakati huo iliuhesabu usimbaji madhubuti kuwa ni silaha, na Zimmermann akachunguzwa kwa miaka mitatu kana kwamba amesafirisha mizinga. Wachapishaji wa MIT wakatoa maandishi yote ya programu kama kitabu mwaka 1995, kwa sababu kitabu kilikuwa hakizuiwi kuvuka mpaka. Januari 1996 uchunguzi ulifungwa bila ya shtaka. Mwaka 1999 Mjerumani Werner Koch akakamilisha toleo la kwanza rasmi la programu ndugu, GnuPG, ambayo kila mtu yuko huru kuitumia na kuikagua.

Msomaji atauliza, kama ni bure na ni imara, kwa nini haitumiki? Kwa sababu inachosha. Tulifarijika kujua kwamba Snowden mwenyewe alipomwandikia mwandishi Glenn Greenwald kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa 2012, alimsihi atie PGP ili waweze kuzungumza, na akamtengenezea hata video ya mafunzo. Greenwald akaahirisha, leo kesho, mpaka Snowden akamgeukia Laura Poitras, mtengenezaji filamu aliyekuwa tayari na ufunguo wake. Habari kubwa kuliko zote za miaka ile ilikuwa karibu kumpita mtu kwa uvivu ambao sisi sote tunaujua.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi kidogo. Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe kwa kompyuta, imekuwa na zana hizi ndani yake tangu toleo la 2020. Mtu huiambia imtengenezee funguo, akasubiri kidogo, zikapatikana. Proton Mail, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa na wanasayansi waliokutana CERN, huwafungia watu wake barua bila ya wao kufanya lolote, maadamu wote wawili wana akaunti huko. Kwa mtu wa nje huna budi kuongeza hatua. Na tusisahau kwamba WhatsApp imekuwa ikizisimba jumbe za watumiaji wake wote kutoka simu hadi simu tangu Aprili 2016, kwa hivyo wengi wenu mna kasha bila ya kujua. Hata hivyo nakala ya akiba ya mazungumzo hayo, inayowekwa katika mawingu ya intaneti, haifungwi kwa namna hiyo mpaka mwenyewe aende katika mipangilio akaiwashe. Ifanyeni leo, na muwafanyie mama zenu.

Sasa turudi kwenye rekodi zile za nani alimpigia nani. Usimbaji huficha kilichomo kashani. Hauwezi kuficha kwamba kasha limetoka kwako, likaenda kwa fulani, saa nane za usiku, mara tano katika wiki moja. Mwanamke anayeandikiana na daktari wa saratani, kisha na wakili wa mirathi, kisha na kaka yake aliye mbali, hahitaji kusomwa neno lake hata moja ili ajulikane ana nini. Mwaka 2021 ilidhihirika kwamba Proton Mail, kwa amri ya kisheria ya Uswisi iliyotokana na ombi la polisi wa Ufaransa, ilikuwa imetoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati mmoja. Barua zake hawakuweza kuzitoa kwa kuwa hawakuweza kuzisoma. Anwani ilitosha akapatikana.

Mama yetu aliyetuuliza swali alikuja ofisini siku ya Alhamisi, amefuatana na binti yake mdogo anayesoma chuo. Tulimweleza ukweli wote, na kile kikaratasi cha ukutani tukamwonyesha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi zifuteni." Tulizifuta mbele ya macho yake, zake na zote zilizozidi mwaka mmoja, tukamwambia pia kwamba hatuna uwezo wa kumhakikishia kampuni imebakiza nini katika hazina yake. Hakutulaumu. Tungependelea angetulaumu.

Binti ndiye aliyemtengenezea mama funguo, katika simu yake, na akamfundisha wakili pia. Barua ya kwanza waliyotupelekea kwa kujaribu ilifika imefungwa barabara, kurasa za herufi zisizo na maana, tukaifungua kwa ufunguo wetu mpya na kufurahi. Kisha mmoja wetu akatazama juu. Katika mstari wa mada, ambao programu ile ya simu haiusimbi, mama alikuwa ameandika wazi: habari za mwanangu kukamatwa. Kosa lilikuwa letu, hatukumwambia. Kwa hivyo tunawaambia nyinyi kabla: mada iwe "Salamu", au iachwe tupu.

Na sisi wenyewe tumeshapoteza ufunguo mmoja. Tulichagua fumbo refu la maneno ya kuufungua, kama tulivyoshauriwa, na baada ya siku nne hakuna aliyelikumbuka sawasawa. Barua mbili za wasomaji zilizokuwa zimefungwa kwa kufuli lile hazitafunguliwa tena na mwanadamu yeyote, na ilitubidi tuwaombe wenyewe waziandike upya. Hakuna ofisi ya kupiga simu ukaomba ufunguo mwingine. Ugumu unaomzuia mdukizi humzuia na mwenyewe. Fumbo letu jipya limeandikwa katika karatasi moja, nayo imo ndani ya sanduku la chuma la mhariri, pamoja na hati ya nyumba yake.

Juu ya watoto, ambao baadhi yenu mmekwisha kuanza kuwafikiria mnaposoma haya, tutasema kidogo tu. Faragha ya mtu mzima mbele ya dola si faragha ya mtoto wa miaka kumi na miwili mbele ya mamake. Mzazi ana wajibu wa kujua mwanawe anazungumza na nani, na yule mzee wa mtaa ana haki katika hilo. Ila kijana akishabaleghe na kukua, kumpekulia simu usiku akiwa amelala kunafanana mno na kupanda ukuta. Tutalirudia jambo hili kwa urefu wiki nyingine inshaallah, kwa kuwa mengi mmetuandikia.

Ufunguo wa umma wa jarida hili sasa upo tayari kwa kila anayeutaka. Kwa kuwa mtu mwovu aweza kuwapa kufuli lake akadai ni letu, alama ya kidole ya ufunguo huo, yaani safu ya herufi na tarakimu arubaini, imechapishwa katika ukurasa wa mwisho, chini ya jina la mhariri. Ilinganisheni na mnayoiona katika simu zenu, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kuandika neno. Asiye na simu ya aina hiyo, au asiyetaka taabu zote hizi, siku ya Alhamisi baada ya sala ya alasiri yuko dada mmoja ofisini, chumba cha ndani, anapokea barua za mkono katika bahasha.

Wassalaam.